Siku tano Oman kwa jamaa: saa, siku, kahawa na sinia

Maelezo haya yamepangwa upya kutoka kwenye daftari, risiti na picha za simu baada ya kurudi Unguja. Tulikuwa watu wanne, mwezi wa Januari, tunakwenda kwa jamaa wa Al Khoud, upande wa Seeb, nje kidogo ya Maskati. Ukoo ni mmoja, matawi mawili. Tawi moja lilibaki Unguja. La pili liliondoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, likaingia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kwao. Hadi leo familia kama hizi huitwa Wazinjibari, na Kiswahili kiko majumbani mwao.

Mgeni kutoka Zanzibar hapotezwi na vitu vigeni vya Oman. Hivyo anaviona, anauliza, anafundishwa. Vinavyompoteza ni vile anavyodhani anavijua tangu utotoni: kahawa, halua, kofia, neno "tafadhali", saa saba, siku ya tatu. Jina ni lile lile, matumizi ni mengine. Kwa hiyo hapa tumekaa zaidi kwenye hivyo.

Kabla ya kuondoka: viza na mizigo

Viza huombwa kwenye tovuti ya Polisi ya Kifalme ya Oman. Ya utalii ya mwezi mmoja ni rial 20. Ya kutembelea jamaa huanzia kwa mwenyeji, ambaye ndiye anayeomba akiwa kule. Masharti hutegemea pasipoti, kwa hiyo tovuti iangaliwe kabla ya kukata tiketi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae pamoja na pasipoti. Dawa za maumivu kali na za usingizi zibebwe na cheti cha daktari, zikiwa ndani ya boksi lake la asili. Ugoro na tumbaku ya tambuu vibaki nyumbani.

Zawadi zinazofurahiwa kweli ni zile zisizopatikana kule kwa ladha yake: ubuyu wa Zanzibar, kashata, visheti, achari ya embe, mabungo ya juisi, kisamvu kilichotwangwa na kugandishwa, kanga mpya zenye jina zuri, na mbuzi ya nazi ya mti. Papa mkavu haina haja. Waomani wanakausha papa wao wenyewe, wanamwita awal, na kumpelekea Mwomani papa ni sawa na kupeleka karafuu Pemba. Tukitaja karafuu: ununuzi wake Zanzibar uko mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na gunia dogo lisilo na karatasi linaweza kuhesabiwa magendo. Chukua pakiti ya dukani yenye risiti.

Kisamvu kilichogandishwa kifungwe mifuko miwili ya nailoni, kisha gazeti, kisha taulo, katikati ya begi kubwa. Ukikifunga mfuko mmoja kinayeyuka saa ya tatu ya safari, na maji ya kijani yanaingia kwenye nguo.

Siku ya 1, Jumanne: Unguja hadi Al Khoud

Ndege ya moja kwa moja huchukua saa tano na ushei. Yetu ilichelewa kuondoka saa mbili, na tangazo lilitolewa mara moja tu, kwa sauti ndogo. Mwenye wazee awe na maji na kitu cha kutafuna mkononi. Oman iko saa moja mbele ya Afrika Mashariki.

Uwanjani Maskati badilisha fedha kidogo tu ya kufikia nyumbani, kisha maduka ya mjini yanatoa bei nzuri zaidi. Rial moja ina baisa 1,000 na imefungwa kwenye dola: rial 1 ni dola 2.60. Kwa shilingi yetu ni kati ya 6,000 na 7,000 kwa rial, kufuatana na siku. Hapa ndipo mtego wa kwanza. Bei za Oman huandikwa tarakimu tatu baada ya nukta. Kibandiko kinachosema 1.250 maana yake ni rial moja na baisa 250. Macho yaliyozoea shilingi husoma elfu moja mia mbili na hamsini na kuona kitu ni bure. Pia noti ya baisa 100 isichanganywe na ya rial 1 usiku ndani ya teksi.

Teksi hadi Al Khoud ilitugharimu rial 8. Nyumba hazitafutwi kwa majina ya mtaa. Mwenyeji hutuma ramani ya WhatsApp. Ujumbe unapita, lakini kupiga simu kwa WhatsApp mara nyingi hakupiti, kwa hiyo nunua laini ya simu pale pale uwanjani.

Nyumba karibu zote ni nyeupe au rangi ya mchanga, kwa amri ya manispaa. Kuanika nguo kwenye roshani inayoonekana barabarani ni kosa. Mgeni aliyezoea kamba ya uani na kanga zinapepea aulize kwanza. Nguo huanikwa juu ya dari, nyuma ya ukuta.

Siku ya 2, Jumatano: Ibra

Ibra iko Sharqiyah, mashariki, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa gari kupitia Bidbid. Ni miongoni mwa miji iliyotoa watu wengi waliokwenda Afrika Mashariki. Tulichagua Jumatano kwa sababu asubuhi ya siku hiyo kuna soko la wanawake: wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na wanaume hukaa nje.

Gari la kukodi lilikuwa rial 12 kwa siku. Petroli ni karibu baisa 230 kwa lita, na barabara hazina malipo ya kupita. Mtanzania atambue mambo matatu. Oman wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwenye mzunguko aliye ndani ndiye mwenye haki, naye hutokea kushoto kwako, hivyo jicho liangalie kushoto. La tatu ni kijiti cha kuashiria kona, ambacho kimehamia upande wa kushoto wa usukani. Siku mbili za mwanzo mkono utafungua waipa kila unapotaka kukata kona. Barabara kuu nyingi zina kikomo cha 120 na kamera ni nyingi. Gari likianza kulia kengele, umefika 120.

Wanawake wawili wa msafara waliingia sokoni saa tatu asubuhi. Vitambaa vya dishdasha, yaani kanzu ya Oman, mitandio, udi wa kuchanganya, hina, dawa za miti, mafuta ya nywele, nguo za kushona kwa mkono. Walikuta kina mama wakongwe wanaozungumza Kiswahili laini cha mjini, chenye "bilauri" na "skuli". Watu hawa waliondoka Zanzibar kabla daladala hazijaanza, na neno lenyewe hawalijui. Kiyoyozi kwao ni mukayif. Kazi na saa za kazi ni dawam. Kufika adhuhuri soko limeshavunjwa, kwa hiyo anayetoka Maskati saa nne asubuhi amechelewa.

Kutoka sokoni tulikwenda kwa mzee wa ukoo, nyumba yenye mitende mlangoni. Anayebisha huko husema "hud", na sikio la Mswahili linasikia hodi. Anayekaribisha husema "agrab", sogea karibu, shina moja na "karibu" yetu. Wanaume wakaonyeshwa mlango wa majlis, chumba cha wageni, wanawake mlango wa pili upande wa uani. Mlango wa wanawake una njia yake tangu getini, kwa hiyo mwanamume asifuate tu miguu ya aliyetangulia.

Ndani, kila aliyekaa husimama. Mgeni huanza kulia kwake na kumpa mkono kila mtu hadi mwisho, hata wawe ishirini, hata awe na haraka. Ukimsalimia unayemjua na kuwapungia wengine, umekosa adabu. Mkiisha kukaa, mzee huuliza: kuna habari? Hujibiwa kwamba hakuna habari ila kheri, hata kama kuna msiba. Jambo zito husemwa baadaye, kahawa ikishapita. Mswahili anaijua njia hii: nasi husema "nzuri" kwanza, kisha ndipo "lakini".

Ikaletwa fuala: matunda yaliyokatwa, tende, halua. Kahawa huja baada ya tamu, na ndipo kijana mdogo kuliko wote alipoinuka na birika. Birika hilo wao wanaliita dalla, sisi dele. Kahawa yenyewe si ile ya Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe. Buni imekaangwa kidogo tu, rangi yake ni ya mchanga wa maji, ina iliki nyingi, haina tangawizi wala sukari.

Namna inavyokwenda: birika mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Kikombe hakina mkono wa kushikia, na hutiwa robo au theluthi tu. Mgeni wa Unguja huona ni uchoyo. Kinyume chake, kikombe kilichojaa kule ni dalili kwamba mgeni amalize aende. Pokea kwa mkono wa kulia, kunywa, rudisha mkononi mwa anayemimina. Usikiweke chini, kwa sababu anakusubiri akiwa amesimama. Ukirudisha kimya, atatia tena. Atatia tena. Ukitosheka, kitikise kikombe kidogo kushoto na kulia kwa kifundo cha mkono, mara mbili, ndipo kinachukuliwa. Neno "basi" halisaidii. Hufikiri unaona haya. Mmoja wetu alikunywa sita kwa sababu hiyo. Vikombe viwili au vitatu ndiyo heshima.

Halua nayo. Ya Unguja na ya Oman zimetokana: wanga, sukari, samli, iliki, zafarani. Ya kule ni laini zaidi, ina maji ya waridi na lozi au korosho, na huliwa ya uvuguvugu kutoka bakuli moja. Chukua kwa vidole vya kulia kipande cha ukubwa wa tende, upande wako. Usitafute kisu. Kitambaa cha kufutia kinapita nyuma yake.

Baada ya swala ya adhuhuri tulipitishwa Al-Minzfah, mtaa wa kale wa Ibra wenye nyumba kubwa za udongo na mawe zilizojengwa kwa fedha za biashara ya Afrika Mashariki. Nyingi zimeanguka. Milango ya kuchonga iliyobaki inamkumbusha mtu Shangani. Kuta ni dhaifu, watoto wasipande.

Kurudi, kabla ya Bidbid, tairi la nyuma lilipasuka. Ndani ya dakika tano pikapu ikasimama. Aliyeshuka alikuwa mchungaji wa mbuzi, akatoa jeki yake kwa sababu ya gari letu ilikuwa fupi, akabadilisha tairi, akatupa katoni ya maji na mfuko wa tende. Fedha alikataa mara tatu, na mara ya tatu alikunja uso. Kwa nchi ile kulazimisha malipo baada ya msaada ni kuuharibu msaada wenyewe. Sema dua, muulize jina la mji wake, agana naye. Kwa anayekodi gari: fungua buti ofisini kabla hujaondoka, hakikisha tairi la akiba lina upepo na jeki inafika.

Siku ya 3, Alhamisi

Kufua, kulala, kununua laini ya pili ya simu. Jioni mishkaki ya kando ya barabara, baisa 200 kijiti, na wao wanaiita hivyo hivyo, mishkak.

Jambo moja la nyumbani kwa wanaokwenda kiangazi, kuanzia Mei. Matangi yako juu ya dari, na jua huyachemsha hadi bomba la maji baridi likaunguza. Wenyeji huzima hita ya maji iliyo ndani ya nyumba, na maji yaliyotulia ndani ya hita, kivulini, huwa ya baridi zaidi. Basi kiangazi unafungua bomba la moto upate maji ya kuogea. Januari hakuna haja. Asubuhi unatafuta sweta.

Siku ya 4, Ijumaa: chakula cha ukoo

Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko Oman tangu mwaka 2013, na Ijumaa mchana ndipo ukoo unakutana. Mialiko miwili iliingia usiku kwenye simu, ya shughuli hiyo hiyo. Ami, ambaye ni mzee, alirekodi sauti: "Njooni saa saba, msichelewe." Mwanawe akaandika kwa Kiswahili alichokitafsiri kutoka Kiarabu: chakula saa moja. Wote wawili walikuwa sahihi. Ami anahesabu saa kama Unguja. Kijana anahesabu kama Kiarabu na kama simu yake. Anayepokea mwaliko Oman aulize "saba ya Kiswahili au ya Kiarabu?", na hawachoki kuulizwa, kwa sababu hata wao kwa wao huulizana.

Siku nazo zina mtego huo huo, na wengi hawaujui. Kiswahili kinaanza kuhesabu kutoka Ijumaa: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Kiarabu kinaanza Jumapili: ahad, moja. Kwa hiyo "thulatha", siku ya tatu yao, ni Jumanne yetu, na Jumatatu yetu ni "ithnain", siku ya pili. Mtu anayesikia kiarabu cha namba tu na kutafsiri kichwani atafika miadi ya hospitali siku moja kabla. Na ofisi zinafunguliwa Jumapili, siku ambayo sisi tunalala.

Swala ya Ijumaa ilikuwa msikiti wa mtaa. Wengi pale ni wa madhehebu ya Ibadhi. Mikono huachwa ubavuni, haifungwi kifuani, na "Amin" haitamkwi baada ya Alhamdu. Aliyelelewa kwa madhehebu ya Shafi ya Unguja atasikia ukimya mahali alipozoea msikiti wote uitike. Kila mtu anaswali alivyofundishwa, bega kwa bega, na hakuna aliyegeuza shingo kutuangalia.

Mavazi yalikuwa somo lake. Kanzu yetu na dishdasha yao ni ndugu, lakini ya Oman haina kola na ina shada dogo la nyuzi linaloning'inia shingoni, furakha, ambalo huchovywa manukato. Mvulana wa nyumba alimpulizia kila mgeni marashi kwenye shada, na aliyevaa kanzu ya Unguja akapakwa kifuani. Kofia yao, kumma, ni ile ya viua: vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja. Wageni wa kiume waende na kanzu safi na kofia. Suruali si kosa, ila inakuacha mbali kwenye picha ya ukoo.

Nyumba ilikuwa na watu zaidi ya arobaini. Watoto wa shangazi zetu, wa miaka kumi na kumi na mbili, wanaelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiarabu. Bibi yao huongea nao Kiswahili tu, kwa makusudi, na hakuna anayemwita kwa neno jengine ila Bibi. Njia iliyofanya kazi ni mchezo. Wetu walifundisha vitendawili, na kuanzia "Kitendawili!" hadi "Tega!" wote walikuwa wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Sinia zikaingia. Sinia moja kwa watu watano au sita, mkeka wa nailoni chini, magoti yamekunjwa, mguu usielekee chakula. Kwa upande wetu mbili zilikuwa za kabuli yenye nyama ya mbuzi na limau kavu lililovunjwa ndani ya wali, moja pilau ya Unguja, moja wali wa tui na nguru wa kukaanga. Tui ni la kopo, na ladha yake inajulikana. Ile mbuzi ya nazi tuliyoibeba ilishika kazi kesho yake, kwa nazi zilizonunuliwa baisa 400 moja.

Nyama ya juu ya sinia haichukuliwi na mgeni. Mwenyeji huipasua kwa vidole na kusukuma vipande mbele yako, na kila ukila kinaongezwa. Namna ya kula: wali mdogo, uufinye kiganjani hadi ushikane, ncha za vidole, mdomoni. Kaa kwenye pembe yako ya sinia. Mwenyeji akiona pembe yako imebaki na shimo, atamwaga tena, hivyo anayeshiba asing'ang'anie kumaliza. Acha wali mbele yako, sema alhamdulillah, jivute nyuma kidogo.

Hapo likatokea la "tafadhali". Mgeni wetu mmoja alitaka bakuli la pilipili, akasema kwa Kiarabu chake cha madrasa: "tafadhal." Mzee wa jirani akashukuru, akachota pilipili, akala. Kwa Kiarabu anayetoa ndiye anayesema tafadhal: chukua, kula, pita. Kwa Kiswahili anayeomba ndiye anayesema tafadhali. Ukiwa unaomba, sema "lau samaht". Ukisema tafadhal umempa.

Baada ya sinia Mswahili hujinyoosha. Kule mambo yana mpangilio wake: kunawa, matunda, kahawa tena, kisha chetezo. Udi unapozungushwa, kila mtu anaupitisha chini ya kofia au kilemba na ndani ya mikono ya nguo, na ndiyo alama. Waarabu wa Ghuba wana usemi kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Sisi kwetu udi ni mwanzo wa kikao. Kule ni mlango. Tuliposimama, Ami akatuzuia: "Nyinyi si wageni, kaeni." Wenye nyumba wakizuia, kaa. Wasipozuia, kukaa ni kuwachosha.

Jambo jengine la kuzingatia. Katika nyumba nyingi dada wa kazi ni Mtanzania. Msalimie kwa jina, mwulize kwao wapi. Yule wa nyumba hii anatoka Tanga, na mama yake alikuwa hajapata picha yake kwa muda. Tulipiga, tukatuma. Akiomba upeleke kitu nyumbani, kubali kile unachokiona kwa macho na kukipakia mwenyewe. Kifurushi kilichofungwa kisibebwe, hata kwa jamaa.

Siku ya 5, Jumamosi: Mutrah na kurudi

Basi jekundu la Mwasalat hadi Ruwi, kisha jengine hadi Mutrah. Teksi kutoka Al Khoud ingekuwa zaidi ya rial 10.

Soko la samaki la Mutrah, jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2017, lifikiwe saa moja asubuhi. Jodari wao ni jaidhar, nguru ni kanad. Muuzaji hakati samaki. Baada ya kununua unapeleka upande wa wakataji, unapanga foleni, unalipa baisa 500 hadi rial kwa ukubwa wake, na uwaambie kabla kisu hakijashuka kama unataka vipande vya mchuzi au vya kukaanga. Sisi tulisahau na tukarudi na vipande vinene ambavyo shangazi alivikata upya kwa msumeno wa jikoni.

Souq la Mutrah hufunga kati ya saa saba na saa kumi mchana, na Ijumaa asubuhi halifunguki. Kofia ya mashine ni rial 2 hadi 5. Ya mkono ilianza rial 30, na kabla ya kulipa geuza ndani: vitundu vya mkono havilingani kabisa, na nyuma yake hakuna uzi mrefu uliopita kutoka tundu hadi tundu. Mashine huacha uzi huo. Ubani ununuliwe wa Hojari, wa Dhofar, rangi ya kijani kibichi kidogo na unaopitisha mwanga. Ule wa manjano mzito unafaa kufukizia chumba, si kuloweka maji ya kunywa.

Kurudi, upakiaji una kanuni moja ngumu. Halua ya bakuli, asali, maji ya waridi ya Jebel Akhdar na samli vyote huhesabiwa kimiminika, na vikiwa begi la mkononi vinatupwa kwenye pipa la ukaguzi. Viende begi kubwa, kifuniko kifungwe kwa selotepu mara tatu, kisha mfuko. Betri za akiba za simu ni kinyume: mkononi tu. Tulipima kwa mizani ya Ami, kilo 23 kila begi, na bado kaunta ikasoma 24 na nusu kwa begi moja, kwa sababu mizani ya nyumbani ilisimama juu ya zulia. Simamisha mizani kwenye kigae.

Ami alikuja kutuaga na bakuli la ziada la halua la kilo moja. Mjukuu wake akamshika mkono, akatuambia ndege inaondoka saa nane, kisha akaongeza bila kuulizwa: "Nane ya Kiswahili."